Ujumbe Uliokwenda kwa Kwaya Nzima

Nyanchoka alijua mambo yameharibika pale mdogo wake Persis alipoacha kucheka ghafla na kuikodolea macho simu yake.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nyumbani kwao nje kidogo ya Marani. Mvua ilikuwa imekatika na migomba nyuma ya nyumba ilikuwa bado ikidondoka maji. Dada hao wawili walikuwa wamejifungia katika chumba cha cherehani, ambamo Nyanchoka alishonea sare za shule siku za kazi. Vitambaa vilivyojaa humo vilizuia mwangwi, kwa hivyo ndimo alimorekodia nyimbo.

Kwaya yao ya kanisa ilikuwa imebadilika sana. Zamani waliimba wamesimama bega kwa bega, na aliyekosea alipigwa kiwiko na jirani yake. Kisha kazi zikawatawanya. Wengine walikwenda Nairobi, wengine Nakuru, wengine ng'ambo, na kwaya ingekufa kama Obiero hangepatikana. Obiero alikuwa na chumba kidogo cha kurekodi mjini Kisii, upande wa Daraja Mbili. Kila mwimbaji alirekodi sehemu yake kwa simu popote alipokuwa, akamtumia, naye akaziunganisha sauti hizo kwenye kompyuta mpaka zikasikika kama za watu waliosimama pamoja. Nyimbo zenyewe sasa zilisikilizwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Marani.

Nyanchoka aliimba alto. Tangu mwaka uliopita alikuwa akimtumia Obiero sauti yake, na Obiero akimpigia kumweleza pa kurekebisha. Walikuwa wamekutana ana kwa ana mara chache tu, na hata wakati huo waliongea kazi. Obiero hakumtania wala kumtumia picha za maua. Lakini Nyanchoka alikuwa ameanza kuingoja simu yake, na siku asipopiga, cherehani ilionekana nzito.

Asubuhi hiyo aliimba, akamaliza, kisha akaanza kuongea na Persis huku simu ikiendelea kurekodi. Alipokumbuka aliisimamisha na kuituma sauti ile kwa haraka. Badala ya kumtumia Obiero, aliituma kwenye grupu la WhatsApp la kwaya nzima. Aligundua papo hapo, akabonyeza kufuta. Ujumbe ukapotea, naye akashusha pumzi.

"Umefuta kwako peke yako," Persis akamwambia polepole. "Kwangu bado uko. Na kwa kila mtu."

Persis akaubonyeza. Wimbo ukaisha vizuri, kikafuata kimya kidogo, halafu ikasikika sauti ya Persis ikiuliza kwa nini dada yake anataka kurudia wimbo ambao hauna kosa. Na sauti ya Nyanchoka, laini, isiyo na habari kwamba kuna anayeisikiliza, ikajibu:

"Kwa sababu nikiimba vizuri mara ya kwanza, Obiero anasema asante, anakata. Nikikosea kidogo ananipigia. Ananiambia, 'Rudia kutoka pale juu, Nyanchoka, pole pole.' Hakuna mtu mwingine huita jina langu hivyo. Wacha nikosee tu."

Kisha kikaja kicheko, kirefu, cha mtu aliyeridhika na dunia.

Nyanchoka alikaa juu ya rundo la sare na kujifunika uso kwa sketi ya mtoto wa darasa la pili. Kwenye grupu mwimbaji mmoja wa Nakuru akaweka maua. Wa Nairobi wakaweka nyuso za kucheka. Mama mmoja mzee, ambaye pengine hakuelewa alichokisikia, aliandika "Amina." Obiero hakuandika chochote, ingawa alama zilionyesha kwamba alikuwa amefungua grupu.

Lakini aliyemtia hofu zaidi ni baba yao. Mzee Manasseh Angwenyi alikuwa mzee wa kanisa lao la Kisabato, na ndani ya grupu hilo alikuwa kama mchungaji. Kila asubuhi aliwawekea fungu la Biblia kabla ya kwenda shambani. Alikuwa huko wakati huo, akikata ndizi, na simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake la mvua.

Aliporudi hakumsalimu mtu. Aliegemeza panga mlangoni, akaketi sebuleni, akamwita Nyanchoka. Hakupaza sauti, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimkumbusha habari za Okemwa, na Nyanchoka akainamisha kichwa, maana jina hilo halikuwa limetajwa katika nyumba hiyo kwa muda mrefu.

Okemwa alikuwa mchumba wake. Alikwenda Qatar kutafuta kazi, na kwa miaka alimpigia Nyanchoka kwa video karibu kila jioni. Walipanga nyumba, wakapanga majina ya watoto, yote kupitia kioo kile cha simu. Kisha siku moja Nyanchoka akafungua Facebook na kumwona Okemwa amevaa suti ya harusi, ameshikana mikono na msichana mwingine. Kila mtu Marani alikuwa ameziona zile picha kabla yake. Wateja walikuja kupima nguo na kumwangalia kwa huruma, naye hakujua sababu mpaka jioni. Mzee Manasseh alikwenda kanisani Sabato iliyofuata na kuketi mahali pake pa kila siku, na watu wakampa mkono kana kwamba amefiwa.

"Yule wa kwanza alikuposa kwa simu, akakuacha kwa simu," alisema. "Huyu naye ameanza kwa simu, mbele ya kanisa lote. Na mimi babako nimesikia pamoja na watu wa Nakuru."

Nyanchoka alimweleza kwamba Obiero hakuwa ameanza chochote, kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Baba yake akasema hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kijana huyo ni mtu wa ziwani, Mjaluo wa kutoka Homa Bay, na kwamba hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa, hilo lingebaki. Nyanchoka akatoka kwenda jikoni.

Mama yake, Nyakerario, alimkuta jikoni akichambua maharagwe ambayo tayari yalikuwa yamechambuliwa. Hakumkemea. Alimwambia kwamba mtu mzima hafi kwa kusikika akicheka, akampa viazi amenye. Nyanchoka akamenya, na kila mara alikausha vidole kwenye leso na kuangalia simu. Kutoka kwa Obiero hapakuwa na neno. Mwanzoni alifikiri ana kazi. Baadaye akafikiri ameona aibu kwa niaba yake. Mwishowe akajiambia kwamba kwaya itafute alto mwingine, na wazo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Alasiri, mbwa walibweka. Persis aliyekuwa dirishani akageuka, macho yamemtoka, akasema kwa kunong'ona kwamba ni yeye.

Obiero alikuwa amepanda bodaboda mpaka sokoni Marani, kisha akatembea kwa sababu njia ilikuwa imeoza kwa mvua. Suruali yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Mkononi alibeba samaki wakubwa wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mtu wa haya. Alizoea kukaa nyuma ya mitambo, watu wengine wakiwa mbele. Hapo mlangoni alivua viatu, akasimama kwa soksi, akawasalimu kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, aliyojifunza kwenye nyimbo zao. Akamwita mzee "tata," yaani baba. Akamwita Nyakerario "baba," maana kwa Ekegusii mama ndiye huitwa hivyo, na watu wengi wa nje huona taabu kulitamka neno hilo mbele ya mwanamke. Obiero alilitamka bila kusita. Nyakerario akapokea samaki na kumwambia Persis atie maji ya chai.

Mzee Manasseh alimjua. Huyu ndiye aliyerusha mazishi ya mama mzazi wa mzee moja kwa moja kwenye mtandao, ili jamaa walioko Amerika waone. Siku hiyo alimwita "kijana wa kamera" na kumpa chakula pamoja na wapishi. Leo alimwonyesha kiti cha wageni, lakini uso wake haukulegea.

Kabla Obiero hajafungua mdomo, simu ya mzee ikalia. Ilikuwa video kutoka Minnesota, kwa ndugu yake mdogo Ogari. Mke wa Ogari aliimba katika kwaya akiwa hukohuko, kwa hivyo habari ilikuwa imevuka bahari kabla ya chai ya asubuhi. Mzee aliiegemeza simu kwenye thamosi, akamwambia Ogari kwamba mtu mwenyewe amefika, yuko hapa. Ogari, aliyekuwa amevaa sare ya kazi na macho mekundu ya mtu aliyekesha, akasema afadhali, wamalize maneno haya pamoja kama familia.

Nyanchoka na mama yake walikuwa jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo. Alisikia kila neno.

Obiero alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa.

"Mzee, sikuletwa na ule ujumbe. Niliusikia pamoja nanyi nyote. Nimekuja kwa sababu nimempenda Nyanchoka muda mrefu na nikaogopa kusema. Asubuhi ya leo nimeona yeye amesema bila kujua, na mimi ninayejua nimenyamaza. Nikaona aibu."

Mzee akamuuliza kwa nini basi hakupiga simu, kijana kama yeye ambaye maisha yake yote ni simu na kompyuta.

"Nilitaka kupiga," Obiero akajibu. "Nilishika simu mara nyingi. Lakini najua kilichompata, mzee. Kila mtu Marani anajua. Sikutaka alipate neno hili kwenye simu tena. Nikasema nitalileta mwenyewe, hata kama nitafukuzwa."

Jikoni, Nyanchoka aliweka kisu chini.

Ogari aliingilia. Hakuwa na ubaya. Alizungumza kama baba mdogo mwenye wasiwasi, sauti yake ikikatika na kurudi. Alisema wao ni watu wa desturi. Alisema Wajaluo ni watu wazuri, yeye mwenyewe anafanya kazi na wengi, lakini ndoa ni kitu kingine. Akauliza watoto wataongea lugha gani, watazikwa upande gani, na nani atawafundisha kwamba wao ni akina nani. Akasema wapo vijana wengi wa Kisii wenye adabu huko Amerika, na angeweza kumuunganisha Nyanchoka na mmoja wiki hiyohiyo, kwa video.

Obiero alijibu kwamba watoto, Mungu akiwapa, wataongea ya mama na ya baba, na kama wanataka ya tatu waitafute shuleni.

Mzee Manasseh aliikumbuka siku ya mazishi ya mama yake, jinsi watoto wa Ogari walivyojitokeza kwenye kioo wakapunga mikono, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumsalimu babu wa ukoo kwa lugha yake. Hakumwambia ndugu yake hilo. Alimwangalia kijana aliyeketi mbele yake kwa soksi zenye tope, kisha akamwita binti yake.

Nyanchoka aliingia akiwa bado na leso ya jikoni kiunoni. Alitaka kuangalia sakafu, lakini macho yake yalikwenda kwa Obiero yenyewe, na Obiero alikuwa tayari akimwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kuangaliana bila kazi katikati yao. Ndipo alipoiona alama ndogo juu ya unyusi wake mmoja.

"Ile sauti ni yako?" baba yake akauliza.

"Ni yangu, tata."

"Uliyosema ni kweli, ama ni mchezo wa wasichana?"

Nyanchoka aliwaza kwamba angeweza kusema ni mchezo, na kila kitu kingerudi kama zamani, yeye na cherehani yake. Wazo hilo lilikaa kwake kwa muda mfupi sana.

"Ni kweli," akasema. "Hata yale ya kukosea makusudi."

Obiero akakohoa. "Na mimi nina langu," akasema, masikio yamemwiva. "Mara nyingi ulikuwa hujakosea. Nilisema tu urudie."

Nyakerario, aliyekuwa mlangoni na trei ya chai, akageuka upande ili mume wake asione uso wake. Kwenye simu, Ogari alikuwa akiuliza wamesema nini, kwa sababu hakusikia vizuri. Mzee Manasseh akainyanyua simu kutoka kwenye thamosi.

"Ogari, ndugu yangu," alisema kwa upole, "wewe unamwona kwenye kioo. Mimi nimeketi naye. Enda ulale, umechoka. Nitakupigia."

Akakata, akaiweka simu ndani ya droo ya kabati. Kisha akamgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukawa uso wa baba tu.

"Nilikuwa na hasira," akamwambia. "Lakini kule shambani niliusikiliza tena. Sikusikiliza maneno. Nilisikiliza ukicheka. Nilidhani Okemwa alikwenda nacho kile kicheko."

Nyanchoka alipiga magoti kando ya kiti chake. Mzee akamwekea mkono begani kwa muda, kisha akamgeukia mgeni. Alimpa masharti yake. Hataki uchumba wa kwenye simu. Nyimbo ziendelee kutumwa, hiyo ni kazi ya Mungu, lakini maneno ya ndoa yaje na miguu, mchana, na wazee wa kwao. Alimwambia pia kwamba bado hajasema ndiyo. Amesema aje tena. Obiero akaahidi kuja na mama yake Zilpa, na mzee akauliza kama mama huyo anasali Jumamosi ama Jumapili. Alipoambiwa Jumapili akaguna, lakini akamsogezea sukari.

Walikula samaki wale kwa obokima, ugali wa kwao, wote mezani. Mzee alimuuliza Obiero jinsi anavyofanya sauti za watu walioko nchi mbalimbali ziende pamoja, na Obiero akamweleza mpaka chai ikapoa. Persis alikula akiwaangalia wawili hao kwa zamu, ameridhika kama aliyeyapanga yote.

Jua lilipoanza kushuka, Nyakerario alimwambia Nyanchoka amsindikize mgeni mpaka barabarani. Walishuka kwenye kijia kati ya migomba na majani chai ya jirani, wakiteleza kidogo na kucheka. Kwenye simu hawakukosa la kusema. Sasa walitembea hatua nyingi kimya, na hakuna aliyeona ubaya.

Karibu na barabara Obiero alisimama.

"Nataka uwe mke wangu," akasema. "Nimelisema ndani, lakini kwa babako. Sasa nalisema kwako."

Nyanchoka aliangalia ile mikono yake mirefu. Furaha ilikuwa imemjaa, lakini chini yake lilikuwepo jambo moja, na alijua kwamba asipoliuliza leo halitamwacha alale miaka yote.

"Na ukipata kazi mbali?"

"Tutakwenda wawili," Obiero akasema. "Na kama wewe huwezi kwenda, tutabaki wawili. Mimi sijui kupenda mtu nisiyemwona. Nimejaribu mwaka mzima, nimechoka."

"Basi mlete mama yako," Nyanchoka akasema. "Mimi nimekubali."

Obiero akanyoosha mkono, naye akampa wake. Barabarani walikuwa wakipita wanawake wanaotoka sokoni na vikapu vyao, majirani wanaomjua tangu utotoni, baadhi yao waliokuja kupima nguo siku ile ya picha za harusi wakamwangalia kwa huruma. Wakapunguza mwendo. Mmoja wao, jirani wa boma la pili, tayari alikuwa ametoa simu, akaishika kiunoni kama mtu anayejifanya kusoma saa.

Obiero aliiona, akataka kuuachia mkono. Nyanchoka akaushika zaidi. Akasogea mahali penye mwanga, akamvuta Obiero asimame karibu naye, akamgeukia jirani yule.

"Inua juu, mama, utatukata vichwa," akamwambia. "Na ukimaliza, tuma kwa yeyote unayetaka."

Yule mama akainua simu kwa mikono miwili, akawapiga picha.